Bodaboda: Neno la Nani?

Wapo wahakiki ambao, wakutanapo na neno 'bodaboda' katika riwaya au tamthilia, hulihesabu kuwa ni doa: Kiingereza kilichovuja ndani ya Kiswahili. Hoja yao ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayopotosha.

Ni kweli kwamba shina lake ni 'border', neno ambalo Kiingereza chenyewe kililiazima kutoka Kifaransa cha kale kwa maana ya ukingo. Katika Kiingereza hutaja ukingo wa nguo, tuta la maua pembezoni mwa bustani na mstari utenganishao dola. Kiswahili hakikuwa na haja na hata moja ya maana hizo: kanga ina pindo lake, na nchi zina mpaka. Kilichohitajiwa ni jina la kazi mpya.

Kazi hiyo husimuliwa kuwa ilianza Busia na Malaba katika miaka ya 1960. Msafiri aliyekwisha kugongewa muhuri upande wa Kenya alibakiwa na kipande cha ardhi cha kuvuka kabla ya kukifikia kituo cha Uganda. Wenye baiskeli walimpakia kwenye keria iliyowekewa mto, wakinadi: 'Boda! Boda!'

Tangu hapo neno halikuwa tena la Kiingereza. Uradidi, ule ule uliotupa 'polepole', ulilishika jina la mahali ukalifanya la chombo. Chombo kikawa kazi, na kazi ikawa mtu. Sarufi yathibitisha: 'bodaboda zimeegeshwa' ni vyombo, 'bodaboda wamegoma' ni watu. Upatanisho huo haukutoka London.

Baiskeli ilipoipisha pikipiki, neno lilihama nalo. Mwaka 2018 kituo cha pamoja kilizinduliwa rasmi Busia, mataifa yote mawili yakamhudumia msafiri mahali pamoja. Pengo lililozaa neno likazibwa. Neno likabaki, likitamkwa Nairobi na Dar es Salaam ambako hakuna mpaka wa kuvuka.

Basi mhakiki amtakaye mwandishi aseme 'pikipiki ya abiria' haitakasi lugha. Anamnyang'anya mwendesha baiskeli wa Busia ubunifu wake, kisha anamkabidhi Mwingereza ambaye hakuudai.