Mhimili wa Nne: Mtihani Mpya wa Ufundi Stadi Bukoba na Muleba

Na Mwandishi Wetu

Oktoba 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Chuo cha Ufundi Stadi cha Mkoa wa Kagera, kilichopo Burugo, Bukoba, kilichojengwa kwa ufadhili wa Serikali ya China. Wilayani Muleba kipo Chuo cha VETA Ndolage. Majengo yapo, swali linalofuata ni ujuzi gani utamwezesha kijana kutengeneza mwenyewe kipuri kinachoagizwa kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000.

Kahawa na uvuvi ni miongoni mwa nguzo za uchumi wa Kagera. Mashine za kukobolea kahawa na injini za boti huhitaji gia na shafti. Mashine ya CNC yenye mihimili mitatu hukata kwa kwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma, juu na chini. Mhimili wa nne huizungusha shafti yenyewe. Mihimili yote inapokwenda kwa wakati mmoja, fundi huweza kuchonga mfuo wa msokoto au kunakshi namba kuizunguka shafti bila kuifungua na kuifunga upya.

Hata hivyo, mashine haijipangi yenyewe. Kwanza, mstari wa kitovu cha mzunguko sharti uwe sambamba na mwendo wa meza, na sifuri ya vipimo iwekwe kwenye kitovu hicho. Pili, mapigo ya mota yakokotolewe: mota yenye hatua 200, kila hatua ikigawanywa mara 8 na mwendo ukipunguzwa mara 9, huhitaji mapigo 14,400 kwa mzunguko mmoja, yaani 40 kwa kila nyuzi. Tatu, kipenyo kizingatiwe: nyuzi moja kwenye shafti ya milimita 100 ni takriban milimita 0.87, kwenye ya milimita 20 ni 0.17 tu. Asiyelijua hilo hunakshi maandishi yaliyobanana au huvunja kisu.

Hapo ndipo Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014, Toleo la Mwaka 2023, inapopata uzito kwa kuupa nafasi mkondo wa amali. Mashine hununuliwa kwa siku moja. Fundi huandaliwa kwa miaka. Uwekezaji wa karakana utazaa matunda iwapo mwalimu, hesabu na chuma vitakutana katika meza moja.