Samaki wa Kuruwitu wana walinzi, nyimbo zako je?

Kijana mwenzangu, Jambo Bwana unaujua hata ukiamshwa usiku wa manane. Watalii huimbiwa hotelini kuanzia Diani hadi Malindi. Sasa nikuulize: nani aliutunga?

Wengi hukwama hapo. Mtunzi ni Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms, bendi aliyoanzisha na ndugu zake Mombasa mwaka 1972. Walikuwa wakipigia wageni hotelini, ndiyo maana wimbo wenyewe ni salamu nyepesi ambazo mgeni hushika mara moja. Ulitoka 1982 na kufikia 1987 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya 200,000. Mwaka 1983 kundi la Boney M la Ujerumani nalo likatoa toleo lake.

Haya ni mafanikio, lakini yana mtego. Wimbo ukipendwa mno huonekana wa kila mtu. Leo kuna watu wanaodhani Jambo Bwana ni wimbo wa kale usio na mwenyewe.

Sisi wa Kuruwitu tunalijua jambo hili kwa upande wa bahari. Ilipokuwa ya kila mtu, samaki walipungua hadi nyavu zikarudi tupu. Wenyeji wakaketi, na 2005 wakatenga hekta 30 hivi zisivuliwe. Samaki wakarudi, na 2017 jamii ikashinda tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa. Bahari ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba ilipata wenyewe na masharti.

Sasa wewe unayerekodi kwa simu na kupakia mtandaoni usiku huohuo, nyimbo zako zina masharti gani?

Sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Nchini Kenya, ukitunga kitu chako na kukirekodi, hakimiliki ni yako papo hapo, na hudumu miaka 50 baada ya kifo chako. Marekebisho ya 2022 yanasema mwenye hakimiliki apate si chini ya asilimia 52 ya mapato ya miito ya simu, zile tunaita Skiza.

Soma tena hapo: mwenye hakimiliki.  Prodyusa akikupa studio ya bure kisha akakuwekea karatasi usaini, huenda asilimia hizo 52 zimehama na kalamu yako. Bila maandishi yenye saini, haki hiyo haihamishiki. Kwa hivyo anayekuharakisha usaini anajua anachotafuta.

Basi fanya mambo matatu. Andikeni nani katunga nini kabla ya kutoka studio, hata kama ni maswahiba. Sajili kazi yako kwa KECOBO, ili siku ya kesi uwe na ushahidi. Na mkataba usioelewa, usisaini, mpelekee anayejua.

Wimbo wako unaweza kufika Ulaya kesho. Hakikisha jina lako limepanda ndege hiyohiyo.