Kwa nini chembe ya vumbi ni adui wa ndege ya kivita F-35

Ndege ya kivita ya Marekani F-35 ina kamera sita zilizotawanywa kwenye mwili wake, na picha zake humfikia rubani ndani ya kofia anayovaa. Data nyingi kiasi hicho haziwezi kutegemea nyaya za shaba za zamani. Ndiyo maana ndani ya ndege hiyo kuna faiba, nyuzi nyembamba za kioo zinazobeba mwanga, ndugu wa zile zinazoleta intaneti mitaani.

Wazo lenyewe si jipya. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilijaribu faiba kwenye ndege ya A-7 tangu miaka ya 1970. Ni nyepesi kuliko shaba na haivurugwi na mawimbi ya rada. Mfumo wa data wa shaba uliozoeleka kwenye ndege za jeshi tangu enzi hizo husafirisha biti milioni 1 tu kwa sekunde. Faiba hubeba mabilioni.

Sasa shida iko wapi? Si kwenye uzi. Ni pale uzi mmoja unapokutana na mwingine, kwenye kiunganishi.

Njia ya mwanga ndani ya faiba mara nyingi ni nyembamba kuliko unywele, kwa hiyo chembe isiyoonekana kwa macho inatosha kuiziba. Shaba ina huruma kidogo: pini ikiingia hukwangua uchafu na umeme unapita. Kioo hakina huruma hiyo. Fundi akichomeka bila kusafisha, vumbi hubanwa katikati na kuacha mkwaruzo, na mkwaruzo haufutiki kwa kitambaa. Ongeza mtikisiko, baridi kali ya angani, joto la injini na, kwa ndege za melini, chumvi ya bahari.

Watengenezaji wengine wameweka lenzi ndogo kila upande. Mwanga hutanuliwa kabla ya kuvuka, nyuzi hazigusani, na chembe ileile huziba sehemu ndogo tu. Lakini bure haipo: kila kiungo cha namna hii hupoteza mwanga zaidi, na njia moja ya data inaweza kuwa na viungo kadhaa.

Hata hivyo, mtihani mgumu zaidi hauko maabara, uko kwenye hanga. Septemba 2023, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilisema ni takriban asilimia 55 tu ya F-35 za nchi hiyo zilizokuwa tayari kwa kazi Machi mwaka huo. Ilitaja vituo vya ukarabati vilivyochelewa, uhaba wa vipuri na mafunzo hafifu ya mafundi.

Hayo ndiyo mambo ambayo kiunganishi cha faiba hakiwezi kuishi bila hayo. Fundi wa shaba hupima kwa mita na kuendelea. Wa faiba anahitaji hadubini, vifaa safi vya kusafishia, na kukumbuka kurudisha kifuniko kila anapochomoa, hata saa nane za usiku.