AFYA YA MAMA: Mwenye mwili mkubwa naye ajinyooshe



Mwezi huu najibu barua ya mama mmoja wa Mpale, kule Korogwe. Anasema ameongezeka mwili tangu uzazi wa nne, magoti yanamuuma akipanda mlima, na nesi amemshauri afanye mazoezi. Binti yake amemwonyesha yoga kwenye simu. Lakini anaogopa mambo matatu: wanawake wale wote ni wembamba kama fito, tena hiyo ni dini ya Kihindi, na akikonda majirani watasema ana UKIMWI.

Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowafunga wengi midomo. Hofu hiyo ina chanzo. Miaka ya tisini tulizika ndugu waliokwisha mwili kabla ya kufa, na tangu hapo mwanamke akipungua hutazamwa kwa jicho la mashaka. Lakini mama, yoga si dawa ya kukondesha. Unaweza kujinyoosha miezi mitatu na mizani isisogee. Tafuta faida yake kwenye mgongo, magoti, pumzi na usingizi. Wala huko peke yako: uchunguzi wa afya wa taifa wa 2010 ulikuta wanawake 22 katika kila 100 wana uzito uliozidi, ule wa 2015-16 ukakuta 28.

Kuhusu dini, ni kweli yoga ilizaliwa India na huko imefungamana na ibada. Maneno ya kuita miungu Mkristo asiyaseme. Kuinua mikono na kuvuta pumzi ni jambo jingine. Kama jina linakukwaza, yaite mazoezi ya kujinyoosha, basi.

Na wembamba? B.K.S. Iyengar, mwalimu mashuhuri wa India aliyezaliwa 1918 na kufariki 2014, alikuwa mtoto wa kuugua-ugua. Ndiye aliyeeneza matumizi ya viti, mikanda, vipande vya mbao na mablanketi, ili asiyefika chini aletewe chini yake juu. Marekani yuko Jessamyn Stanley, mwanamke mnene hasa, anayefundisha yoga na aliyetoa kitabu chake mwaka 2017.

Sasa tuje nyumbani. Usinunue kitu. Kiti imara kisichoyumba, ukuta, mkeka, mto na khanga moja vinatosha.

Ukiinama mbele, usibane miguu kama wale wa kwenye simu. Itanue kupita upana wa nyonga ili tumbo lipate pa kukaa. Likizuia bado, lisogeze kwa mkono. Ni mwili wako, aibu ya nini? Ukikaa chini na kunyoosha miguu, kalia mto, pitisha khanga kwenye nyayo na ushike ncha zake mbili badala ya kung'ang'ania vidole. Ukilala chali, matiti makubwa huweza kukubana pumzi, basi weka mto chini ya mabega na kichwa. Kuinuka, geuka kwanza ubavu, kisha jisukume kwa mikono.

Lile zoezi la viganja na miguu chini, makalio juu, huumiza vifundo vya mikono vya mtu mzito, na mwenye shinikizo la damu halimfai kwa kuwa kichwa kinakuwa chini. Lifanye ukutani: viganja usawa wa kifua, rudi hatua mbili, sukuma makalio nyuma mpaka mgongo unyooke.

Kwa magoti, keti ukingoni mwa kiti kilichoegemea ukuta. Simama polepole, keti polepole, mara tano. Misuli ya mapaja ikipata nguvu, goti hupunguziwa mzigo. Likiuma, ongeza mto juu ya kiti ili usishuke sana.

Wapo watakaosema mkulima hahitaji haya. Jembe hutia nguvu, sikatai, na njia ya shambani nayo ni mazoezi. Lakini jembe halinyooshi; kutwa nzima umeinama upande uleule. Dakika 15 kabla watoto hawajaamka zitakufaa, na usizuie pumzi hata mara moja.

Mwenye dawa za presha au sukari asiziache. Mjamzito aongee kwanza na mkunga, wala asilale chali mimba ikiwa kubwa. Ukisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua, acha hapo hapo uende zahanati.

Mama wa Mpale aliuliza pia kuhusu mavazi, maana mume wake hataki suruali. Vaa dera lako pana, ndani yake taiti inayofika magotini, na ufunge khanga kiunoni unapoinama ili dera lisikufunike uso.