Mji wa Kale Unahitaji Kipimo cha Ngalawa

Katika baridi ya mwaka 1936 kuingia 1937, karakana ya useremala ya gazeti la Detroit News huko Marekani ilitoa chombo kidogo cha tanga kisichohitaji maji. Kilikuwa na urefu wa futi 12 na tanga la futi 60 za mraba. Chini yake kilifungwa vyuma vitatu vyenye makali, kwa kuwa kiliundwa kukimbia juu ya maziwa yaliyoganda. Archie Arroll na wenzake waliokichora walitaka mtu wa kipato cha kawaida aweze kukiunda mwenyewe, kwa mbao za kawaida, kisha akishindanishe na vya wenzake vilivyo sawa na chake kwa urefu, upana na tanga. Chombo hicho kikaitwa DN, herufi mbili za jina la gazeti. Hivi sasa, karibu miaka 90 baadaye, DN ndicho chombo cha mashindano ya barafu kilichoenea kuliko vyote duniani, na kila majira ya baridi hukimbizwa Amerika Kaskazini na katika nchi za Ulaya kama Poland, Estonia na Sweden. Mombasa haitaona barafu ya ziwa hata siku moja. Hata hivyo, habari hii ina somo ambalo mji huu unalihitaji kuliko mji mwingine wowote wa pwani ya Kenya: ufundi wa tanga hudumu pale panapokuwa na kipimo kilichoandikwa na mashindano ya kila msimu.

Mji wa Kale wa Mombasa ulikua kwa tanga. Bandari ya Kale, chini ya Ngome ya Yesu, ilikuwa ikipokea majahazi ya Ghuba na Bara Hindi yaliyokuja na kaskazi yakiwa na tende, chumvi, samaki wakavu na mazulia, kisha yakangoja kusi ianze yarudi na boriti za mikoko. Karne ya ishirini ilipoanza, meli kubwa zilihamia Kilindini, kulikoanzia reli. Mashine ikaingia ndani ya majahazi yenyewe, na mwaka 1982 serikali ilipopiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi, shehena kubwa ya kurudi nayo ikakatika. Hakuna wa kulaumiwa kwa mabadiliko hayo. Biashara hufuata njia iliyo rahisi. La kusikitisha ni jinsi tulivyogawanya urithi uliobaki. Mawe tumeyapa ulinzi, na Ngome ya Yesu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2011. Milango ya kuchonga na baraza za Mji wa Kale zina sheria na ofisi ya kuzihifadhi. Lakini mkono unaojua kukaza demani, jicho linalosoma upepo juu ya maji, na sikio linalosikia tanga likianza kulegea, hivyo tumeviachia vijifie. Tanga limekuwa picha ya kubandikwa kwenye fulana na mabango ya hoteli.

Watetezi wa urithi mara nyingi husema jawabu ni makumbusho. Makumbusho yana kazi yake, na iliyo njema, ila chombo cha tanga ni kama ngoma: ukikitundika ukutani unahifadhi mti na ngozi, mdundo unapotea. Historia ya vyombo vya barafu inalionyesha jambo hili wazi. Katika karne ya kumi na tisa, matajiri wa bonde la mto Hudson, jimbo la New York, walikuwa na vyombo vikubwa vya barafu vilivyowashinda wote kwa mbio. Kimoja kiliitwa Icicle, kikiundwa mwaka 1869 kwa ajili ya John A. Roosevelt, ami yake Franklin Roosevelt aliyekuja kuwa rais. Mwaka 1871 kilishindana na treni iliyopita kandokando ya mto, na treni ikaachwa nyuma. Baadaye motokaa na ndege zikachukua sifa ya kasi, na vingi vya vyombo vile vikubwa vikaishia katika ghala na vyumba vya maonyesho. Kilichozaa mabaharia wapya ni kile kidogo cha gazeti la Detroit, kwa sababu fundi yeyote aliweza kukiunda, na mshindi hakupatikana kwa ukubwa wa mfuko. Chombo kikubwa huleta watazamaji. Kidogo huleta manahodha.

Tazama pia kinachofundishwa na mbio zenyewe. Chombo cha barafu huweza kukimbia mara kadhaa ya kasi ya upepo unaokisukuma. Anayesikia mara ya kwanza hudhani ni uongo, kumbe siri yake ni ile ile ya ngalawa. Chombo kinachokwenda kwa upepo wa ubavuni hujitengenezea upepo mwingine kwa mwendo wake. Hizo pepo mbili huungana na kulijaza tanga, na kwa kuwa barafu haikivuti nyuma kama maji, kasi huzidi kupanda. Makali ya chuma hukizuia kisisukumwe upande, kama mkuku unavyokizuia chombo cha majini. Kijana aliyeyatenda haya kwa mikono yake amejifunza fizikia ambayo ubao wa darasani huieleza kwa shida. Mlangobahari wa Tudor nao ni darasa kama hilo. Maji ya hapa hupanda na kushuka mita tatu na zaidi wakati wa bamvua, na mkondo hupita kwa nguvu chini ya Daraja la Nyali. Nahodha anayebisha kinyume cha upepo lazima ahesabu vitu viwili kwa pamoja: upepo unataka nini, na maji yanataka nini. Akitaka kugeuza, foromali, ule mti unaobeba tanga, lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti, na kosa la sekunde chache huligeuza tanga kuwa adui. Elimu hii haipatikani kwa kusoma peke yake.

Pamoja na ufundi kuna lugha. Joshi, demani, tezi, omo, ngama, henza, farumi, matlai, maleleji, umande: haya ni maneno ya Kiswahili yaliyotiwa makali na kazi, na kazi ikikoma yanageuka msamiati wa kamusi. Mabaharia wa pwani hii walikuwa na mwaka wao, uliohesabiwa tangu Nairuzi kwa miongo ya siku kumi kumi, ili wajue lini bahari itafungwa na lini itafunguka. Sisi tunaojivunia Kiswahili kama lugha ya mataifa tunasahau kwamba sehemu kubwa ya akili yake ilitoka baharini. Methali ya mwenda tezi na omo, kwamba marejeo ni ngamani, inawapa nini watoto wasiowahi kuona ngama ya chombo? Mtoto anayesimama joshini mwa ngalawa, mwenzake akimpigia kelele alegeze demani, hahitaji mwalimu wa kumweleza neno hilo maana yake.

Ushahidi wa karibu upo pia. Lamu huendesha mbio za majahazi katika Maulidi na katika Tamasha la Utamaduni, na si ajabu kwamba Lamu ndiko mafundi wa vyombo wanakoheshimika mpaka leo. Mbio huwapa sababu ya kuunda, na vijana sababu ya kujifunza. Ng'ambo, Dubai imekuwa ikiendesha mbio za Al Gaffal tangu mwaka 1991, majahazi ya futi 60 yakianzia kisiwa cha Sir Bu Nair. Lakini msingi wa mbio hizo uko chini yake: yapo pia madaraja ya vyombo vya futi 43 na futi 22, kila kimoja na kanuni zake, ili kijana apande ngazi kabla ya kukabidhiwa kikubwa. Oman, ambayo historia yake na yetu zimefungamana katika kuta za Ngome ya Yesu, imefika mbali zaidi: jeshi lake la majini lina meli ya mafunzo ya tanga, Shabab Oman II, inayozunguka dunia na mabaharia vijana. Nchi hizo zina mafuta na fedha, nasi hatuna. Ndiyo sababu mfano wa kuiga ni kile chombo cha Detroit, kilichokusudiwa watu wasio na fedha.

Watakaopinga watasema kijana wa Mombasa anahitaji ajira, hana haja ya tanga. Hoja hii ni nzito. Bandari Maritime Academy ilianzishwa mwaka 2018 ili kuwaandaa vijana kwa kazi za meli, na hakuna anayedai iache kufundisha mitambo ikafundishe foromali. Ila meli zenyewe zinarudia upepo. Mwaka 2022 meli ya mizigo Canopée, iliyoundwa kubeba sehemu za roketi za Ulaya, iliingia baharini, na mwaka uliofuata ikafungwa matanga manne marefu ya kisasa. Mwaka 2023 meli ya Pyxis Ocean ikafungwa mabawa ya upepo ili kupunguza mafuta, na mwaka huohuo mataifa wanachama wa Shirika la Kimataifa la Bahari yakakubaliana kwamba usafiri wa meli ufikie kutochafua hewa kwa gesi joto kufikia mwaka 2050 au karibu yake. Kijana aliyekulia kwenye tanga ataingia katika kazi hiyo na hisia ambayo kompyuta haimpi mtu. Na hata asipopanda meli, aliyejifunza kupima, kuranda, kutia kalafati na kushona tanga ana ufundi mkononi.

Wengine watataja misitu, na wana haki. Ngalawa ya asili huchongwa katika gogo kubwa la mwembe, na mataruma ya vyombo vingi hutoka kwenye mikoko ambayo ndiyo kitalu cha samaki wetu. Lakini kipimo hakilazimishi gogo. Kipimo husema urefu, upana, marengu, ukubwa wa tanga na uzito. Mti ama kitu kingine ni hiari ya kanuni. Mwaka 2018 huko Lamu, fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyokusanywa kama taka, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ikiwa jahazi la taka limefika Unguja, ngalawa ya mbao nyembamba za plaiwudi haitashindwa kuvuka Tudor.

Iko hoja ya tatu, nayo ni ya usalama. Bahari hii imetutoa machozi sana; mwaka 1994 feri ya Mtongwe ilizama na zaidi ya watu 250 wakafa maji. Mzazi anayemkataza mwanawe kwenda majini ana sababu. Hata hivyo kisiwa hakiepuki maji yake, na watoto wanaozaliwa hatua chache kutoka Bandari ya Kale bila kujua kuogelea wako hatarini kuliko wale wanaojua. Kanuni ya kwanza ya mashindano na iwe kwamba hapandi mtu ambaye hajapita mtihani wa kuogelea, na hatoki bila jaketi la kuokolea. Wanaoanza washindane siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mpole. Bamvua waachiwe waliokomaa. Mbio zipangwe asubuhi, zimalizike kabla ya adhuhuri, na wasichana wawe na nafasi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa urithi unaokabidhiwa nusu ya watoto hupungua nusu kila kizazi.

Wa mwisho wataogopa kwamba mashindano yatageuzwa maonyesho ya watalii: siku moja ya ngoma na hotuba, kisha matanga yakunjwe mpaka mwaka ujao. Hofu hiyo ni ya kweli, na jawabu lake ni kalenda. Tamasha la siku moja humtafuta mdhamini, lakini ligi ya msimu humtafuta fundi, kwa kuwa chombo kinachokimbia msimu mzima huvunjika, hutengenezwa na kuboreshwa. Hapo ndipo karakana hurudi. Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Makumbusho ya Taifa ambayo tayari yanaitunza ngome na Mji wa Kale, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya inayosimamia usalama wa vyombo, zinaweza kukaa meza moja na wavuvi na mafundi waliobaki, zikaafikiana kipimo kimoja. Tuanze na ngalawa sita tu, mbili za shule, mbili za mitaa ya Mji wa Kale, mbili za wavuvi, na mbio nne kila kaskazi na nne nyingine majira ya demani, bahari inapotulia.

Wale wa maziwa ya kaskazini hungoja. Barafu ikiwa nyembamba hawatoki, ikifunikwa na theluji nyingi hawatoki, na mara nyingi mahali pa mashindano huamuliwa siku chache tu kabla, kulingana na ziwa lililoganda vizuri. Kwa wiki chache hizo za mwaka wamelea ufundi wao kwa vizazi. Sisi tuna maji yasiyoganda na pepo zinazokuja kwa zamu tangu kabla ya ngome kujengwa. Tunachokosa ni mchoro wenye vipimo ambao kijana wa mitaa ya Kibokoni au Kuze anaweza kuupeleka kwa seremala na kusema, niundie hiki. Mchoro huo unaenea katika ukurasa mmoja wa gazeti, na gazeti lililo tayari kuuchapa litakuwa limefanya kwa Mombasa yale ambayo jingine lilifanya kwa Detroit.