Land Rover ya mzee imelala uani: ni skrepa au ni mali?

Tangu tamasha la Land Rover lifanyike Arusha Oktoba 2024, kuna swali ambalo wasikilizaji wa milimani, kuanzia Usangi na Ugweno hadi upande wa Same, wamekuwa wakiliuliza kwa maneno tofauti lakini maana ni ile ile. Gari la mzee limelala uani miaka mingi. Kuku wanataga ndani yake. Sasa amekuja mtu mgeni, kalizunguka, kapiga picha, kataja bei. Tumuuzie?

Kabla ya kujibu, inafaa kuelewa kwa nini mtu huyo amepanda mlima.

Waandaaji wa tamasha la Arusha walilenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa Land Rover, iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani kwa magari 632 yaliyokusanyika Bad Kissingen mwaka 2018. Mamia ya magari yalijitokeza Arusha, mengine mazima, mengine yakivutwa na matumaini zaidi kuliko injini. Watu wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba gari walilolizoea kama punda wa kijijini lina wapenzi duniani.

Na wapenzi hao wana fedha. Ulaya na Marekani kulirudisha gari la zamani katika hali yake ya mwanzo ni starehe ya nyumbani, kama wengine walivyo na bustani. Mtu ananunua gari dogo la spoti la viti viwili, analifungua nati moja moja gereji ya nyumbani kwake, miaka inapita, kisha Jumapili moja ya jua anatoka nalo. Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, linahesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha angalau miaka 30 na likiwa limetunzwa katika hali yake halisi. Uingereza, gari lililopita miaka 40 linaweza kusamehewa kodi ya barabara ya kila mwaka, na mengi hayalazimiki hata kupelekwa kwenye ukaguzi wa kila mwaka. Marekani nayo, gari lenye miaka 25 au zaidi linaingia bila kubanwa na masharti ya usalama yanayobana magari mapya.

Afrika Mashariki nasi tuna historia yetu ya magari hayo, na siyo ndogo. Mbio za Safari zilianza 1953 zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, alizishinda mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, kwa Peugeot 404, gari la familia ambalo wazee wengi wanaosoma hapa wamelipanda. Mwaka 1971 na tena 1973 ikashinda Datsun 240Z, hiyo sasa ndiyo gari la spoti hasa, milango miwili, pua ndefu. Tangu 2003 yamekuwepo mashindano ya Safari Classic ya magari ya zama hizo, baadhi ya miaka yakiingia hadi Tanzania. Nairobi, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, kuna shindano la urembo wa magari lililoanza 1970, ambako waamuzi wanainama kuangalia hadi chini ya gari.

Lakini Usangi hatukuwa na 240Z. Barabara ya kupanda kutoka Mwanga enzi hizo ingeivunja kabla ya kufika Kikweni. Gari letu la kihistoria ni Land Rover. Lilibeba wagonjwa, mahindi, maharusi na majeneza, na abiria waliokaa hadi juu ya boneti. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na Noah na bodaboda, na Land Rover ikawekwa kando. Ndiyo maana bado ipo: haikuuzwa, haikugongwa, iliegeshwa tu.

Kwa nini mnunuzi haagizi nje

Hapa ndipo sera inapoingia. Tanzania hatukatazi gari la zamani kuingia, ila tunalitoza kwa uzee wake. Kwa viwango ambavyo vimetumika kwa miaka kadhaa, gari dogo la abiria lenye zaidi ya miaka 10 hulipiwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, na mwisho VAT ya asilimia 18 juu ya vyote. Tuchukue gari lililofika bandarini kwa thamani ya shilingi milioni 10. Forodha inaifikisha milioni 12.5. Uchakavu unaifikisha 16.25. VAT inaifikisha karibu milioni 19.2, na hapo sijagusa ushuru wa ukubwa wa injini wala tozo ndogo ndogo. Gari limejizaa mara mbili likiwa bado limesimama.

Majirani ni wakali zaidi. Kenya haipokei gari lililopita miaka 8, na Uganda tangu 2018 imefunga mlango kwa yaliyopita miaka 15.

Nia ya sheria hizi inaeleweka: tusiwe jalala la magari mabovu ya watu. Mimi sioni tatizo na nia hiyo. Tatizo ni kwamba sheria inaona gari bovu la miaka 12 na gari la kihistoria la miaka 50 kama kitu kimoja. Matokeo yake, anayetaka Land Rover ya zamani kwa bei nafuu hana budi kutafuta iliyoingia nchini zamani, yenye kadi ya Tanzania. Hiyo ndiyo iliyolala kwenu. Mgeni anajua hilo. Wewe ulikuwa hujui, na tofauti hiyo ya ufahamu ndiyo faida yake.

Kinachooza na kisichooza

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam Aprili 1948. Chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa alumini. Bati la alumini halishiki kutu nyekundu, na hii inadanganya watu wengi. Unaona bodi nzima unasema gari zima, kumbe chesi iliyo chini ni ya chuma, na chuma kinaliwa kuanzia ndani. Mahali alumini inapogusana na chuma kwenye unyevu, alumini nayo inaliwa, inatoa unga mweupe. Ukungu na mvua za Usangi si rafiki wa gari. Land Rover iliyoegeshwa tambarare ya Mwanga, kwenye ukame, mara nyingi huwa na chesi nzuri kuliko pacha wake wa mlimani.

Kwa hiyo ukaguzi unaanza chini. Chukua nyundo ndogo, gonga chesi taratibu, hasa boriti ya nyuma na vishikio vya pembeni vinavyobeba bodi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kama kiroba. Tundu moja mawili, fundi wa kuchomelea atayaziba. Ikiwa chesi imekwisha urefu mzima, hesabu inabadilika kabisa.

Kosa linaloua injini ni kufunga betri mpya na kupiga stata siku hiyo hiyo. Injini iliyolala miaka 10 ringi zake zimeshika kwenye silinda. Toa plagi, mimina oili kidogo kila silinda, acha siku kadhaa, kisha zungusha kwa mkono. Land Rover za zamani zina nafasi ya hendeli mbele, itumie. Ikizunguka, una injini. Petroli iliyobaki kwenye tangi imwagwe, maana imeshakuwa gundi, na kabureta isafishwe. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, mipira yake ikakakamaa, hivyo mfumo wote wa breki ufunguliwe kabla gari halijaguswa na barabara. Kwa mteremko wa kutoka Usangi hadi Mwanga, sidhani kama hilo linahitaji maelezo. Rangi iwe ya mwisho. Nimeona wanaoanza na rangi kwa sababu ndiyo inayoonekana na jirani, halafu fedha zinaisha gari likiwa linang'aa na haliendi.

Spea si kikwazo kama watu wanavyodhani. Series II, IIA na III, zilizotengenezwa kuanzia 1958 hadi 1985, zinashirikiana vipuri vingi, na injini ya lita 2.25 fundi mzee wa Moshi anaifungua bila kitabu. Aina ya Defender ilisimama kutengenezwa kiwandani Solihull Januari 2016, lakini viwanda vya vipuri vinaendelea.

Kadi ya gari ni nusu ya bei

Sasa lililo gumu. Mara nyingi kadi ina jina la mzee, na mzee ameshatangulia. Mtoto aliyebaki nyumbani anapokea fedha, kaka wa Dar anasikia baadaye, na msiba wa pili unaanza.

Kisheria gari hilo ni sehemu ya mirathi. Familia ikae kikao, imteue mtu, mtu huyo apeleke muhtasari mahakama ya mwanzo athibitishwe kuwa msimamizi wa mirathi. Yeye ndiye anayeweza kusaini mauzo na kubadilisha umiliki TRA. Mnunuzi anayesema hayo hayana haja, anataka tu gari na kadi, anapanga kuwaachia ninyi matatizo. Gari lisilo na kadi, au lenye namba ya chesi isiyosomeka, bei yake hushuka hadi ya spea, hata likiwa zuri kiasi gani.

Wengine wanaogopa deni la leseni ya barabara kwa miaka yote gari lilipolala. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa katika bajeti ya 2017/18 ikahamishiwa kwenye mafuta, kwa hiyo tangu hapo gari linalolala halizalishi deni hilo. Yaliyokuwepo kabla yaulizwe TRA kwa namba ya gari. Likirudi barabarani litahitaji bima, angalau bima ndogo, na ukibadilisha injini au rangi, kadi nayo irekebishwe.

Kama mgeni anarudi Jumamosi, jambo la kufanya wiki hii ni dogo. Kwa nyingi za Series II na III, namba ya chesi imegongwa upande wa kulia mbele, karibu na springi inaposhika chesi. Isugue kwa brashi ya waya taratibu, ipige picha, ilinganishe na kadi, kisha tuma picha zote mbili kwenye kundi la familia, kaka wa Dar akiwemo, kabla bei haijatajwa tena.