Giga 256 Zatosha? Zamtosha Nani?

Wiki hii nimeulizwa swali moja mara tatu. Kwanza na kijana anayeanza Chuo Kikuu cha Pwani hapa Kilifi, kisha na mwalimu wa Watamu, mwisho na jirani yangu, mzee aliyestaafu ambaye anataka kuandika historia ya ukoo wake na kuhifadhi picha zao za zamani. Swali lenyewe: "Nataka kununua laptopu mpya. Nichukue ya giga ngapi?" Na wote watatu walikuwa wameshapewa jibu na mtu mwingine: "Chukua 256 bwana, zatosha. Siku hizi kila kitu kiko kwenye wingu."

Mimi nasema jibu hilo ni baya kwa watu wa huku kwetu. Tena nasema nikiwa na aibu, kwa sababu mtu wa kwanza kulitoa katika ukoo wetu nilikuwa mimi mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka 2021 mtoto wa shangazi yangu, mpiga picha za harusi pale Malindi, aliniuliza swali hili hili. Pesa zake zilitosha mashine mbili za kuchagua: moja nyembamba, mpya, ya kutamanisha, giga 256; nyingine nene, imetumika Ulaya, tera moja. "Kaka, nichukue ipi?" Mimi ndiye mwandika programu wa ukoo, na nilikuwa nimejaa makala za watu wa California. Nikamwambia achukue ile nyembamba, kitakachozidi akipandishe kwenye wingu. Akanisikiliza.

Mei 2024 alipiga harusi mtaa wa Shella, Ijumaa na Jumamosi. Alikuwa na kamera mbili za 4K, na video ya megabiti 100 kwa sekunde hula giga 45 kila saa. Alipomaliza alikuwa na giga 180 hivi mkononi. Laptopu ilikuwa imebakiwa na nafasi ya giga 30. Jumanne alikuwa na kazi nyingine Kilifi, na kadi za kamera ni zile zile. Akaanza kuzipandisha video mtandaoni Jumamosi usiku, moja kwa moja kutoka kadini.

Laini yake ilikuwa ikipandisha megabiti 5 kwa sekunde siku ikiwa njema. Hebu piga hesabu nami. Giga 180 ni megabiti 1,440,000. Gawanya kwa 5, unapata sekunde 288,000, yaani saa 80. Ni siku tatu na saa nane, bila stima kupotea hata dakika moja. Kutoka Jumamosi usiku hadi Jumanne asubuhi hazifiki saa 80. Hesabu ilikuwa imekataa kabla hata ya balaa kuja.

Na balaa likaja. Jumapili tarehe 12 Mei 2024, nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikawa ya kujikokota kuanzia Kenya na Tanzania hadi kusini zaidi. Jumanne alfajiri binamu yangu akatazama skrini, akaona majina ya mafaili yote yamejipanga kwenye orodha. Hakuangalia alama ndogo pembeni inayosema lipi limefika na lipi bado linasubiri. Akafuta kadi, akashika matatu ya Kilifi.

Kadi ikifutwa tu, mara nyingi video huweza kuokolewa kwa programu maalumu. Ikishaandikwa juu yake, basi. Yeye aliandika juu yake siku nzima.

Kilichopotea ni zaidi ya nusu ya Jumamosi, pamoja na bibi ya bi harusi, mama wa miaka tisini na kitu, akiwaombea dua maharusi. Mwezi wa Novemba bibi alifariki. Mama wa bi harusi alikwenda studio kuomba kile kipande tu, hata kikiwa cha dakika moja. Binamu yangu hakuwa nacho. Mimi hajanilaumu hata siku moja, nami ningependa angenilaumu.

Giga 256 ni ngapi hasa?

Sasa tuache hadithi, tuingie kwenye hesabu za dukani. Kiwanda huhesabu giga moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows huhesabu kwa mafungu ya 1,024. Ndiyo maana ukifungua mashine ya giga 256 unaona 238 tu, ya 512 unaona 476, ya tera moja unaona 931. Hujaibiwa, ni vipimo viwili tofauti. Lakini utaishi ndani ya hizo 238.

Humo toa Windows 11 na masasisho yake na faili la kulalia, weka 40. Toa programu zako za kila siku, weka 20. Kisha acha nafasi tupu. Hili wauzaji hawalisemi. Diski ya SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani hivi hivi. Ni lazima kwanza ifute bloku zima, na ili ifanye hivyo inahitaji mahali pa kuhamishia vilivyomo. Ukiijaza hadi pomoni, inakuwa nzito kama mkokoteni kwenye mchanga. Mimi huacha asilimia 15, yaani kama 36. Umebaki na giga 142.

Tuwe wakweli: kwa mtu wa barua na mahesabu, 142 ni nyingi, atakaa nazo miaka. Lakini harusi moja ya Shella ilikuwa giga 180. Haiingii! Kwenye tera moja, kwa hesabu ile ile, zinabaki giga 730 hivi, harusi nne. Na usidhani ni wapiga picha peke yao. Mimi naandika programu tu, sina kamera, na kwenye mashine yangu vifaa vya Android, simu zake za bandia za majaribio, na makontena ya kazi za wateja vimekula zaidi ya giga 150.

Tangi na bomba

Pita mtaa wowote wa Malindi au Kilifi, utazame juu ya mapaa. Utaona nini? Matangi meusi. Maji yetu hutoka Baricho, kando ya mto Sabaki, na husukumwa na pampu za stima. Pampu zikisimama, bomba linakauka. Kila mtu anajua, kwa hivyo kila mwenye nyumba ananunua tangi kwa kupima anaweza kukaa siku ngapi bila bomba. Hujasikia mtu mzima akisema, "Baricho kuna maji mengi kuliko tangi lako, la nini kuhangaika?"

Lakini kwenye laptopu ndivyo tunavyosema. Wingu ni Baricho. Lina nafasi kuliko diski yoyote nitakayonunua maishani, hilo sibishi. Suala ni bomba la kutoka huko hadi kwangu, na bando la kulipia kila tone. Aliyeandika ushauri wa giga 256 ana laini nene isiyokatika na asiyoihesabia. Alikuwa anasema kweli kwake. Sisi ndio tuliokosea kuuchukua ushauri wake pamoja na laptopu yake.

Na jambo hili si geni kwenye pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini Ngomeni, kaskazini ya Malindi, ilirushwa setilaiti ya Uhuru, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza miali ya X kutoka angani. Setilaiti ya mzunguko wa chini huonana na kituo cha ardhini kwa dakika chache tu kila inapopita. Wahandisi wake hawakusema "data yote itakwenda moja kwa moja chini". Waliipa kinasa cha utepe ndani, ihifadhi mwenyewe, ikifika juu ya kituo iteremshe. Walipima vipindi vya kukosa mawasiliano, kisha wakanunua hifadhi. Sisi zaidi ya miaka hamsini baadaye tunafanya kinyume.

Wingu halikuahidi unachodhani

Wengi wanachanganya kuoanisha mafaili na kuweka nakala ya akiba. Kabrasha lililooanishwa ni kioo: ukifuta faili huku, linafutwa na kule. Kuna sehemu ya kurudisha vilivyofutwa, lakini ina muda wake, baada ya hapo kwaheri.

Halafu kuna ujanja wa mashine zenye diski ndogo. Mfumo ukiona nafasi inakwisha, unaondoa mwili wa faili na kukuachia jina na picha yake ndogo. Wewe unaona "ipo". Ukiibonyeza ukiwa kwenye feri au shambani Ganze bila mtandao, haifunguki. Jina bila mwili.

Na mwenye wingu ana haki ya kubadili masharti. Google Photos ilihifadhi picha bila kikomo na bila malipo, halafu tarehe 1 Juni 2021 ikaacha. Picha mpya sasa zinahesabiwa ndani ya zile giga 15 za bure, pamoja na barua pepe zako. Amazon Drive ilifungwa kabisa tarehe 31 Desemba 2023. Hawakumvunjia mtu sheria yoyote. Wahenga walishatuambia: mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tena angalia nani anaimba wimbo huu wa "256 zatosha". Kwa miaka mingi Apple imetoza dola 200 kwa kupandisha mashine kutoka giga 256 hadi 512, na hata MacBook Air ya M4 iliyotoka 2025 ilianza na 256. Mwaka 2023 diski nzima ya tera moja ilikuwa ikiuzwa rejareja Marekani kwa chini ya dola 100. Na kampuni hiyo hiyo inauza hifadhi ya mtandaoni ya kulipia kila mwezi. Microsoft na Google nao wanauza. Anayekuuzia mtungi mdogo ndiye mwenye duka la maji.

Mtaniambia: je, laptopu yenye tera mbili ikiibiwa, au ikimwagikiwa chai? Hapo mna haki. Diski kubwa si akiba. Ni mahali pakubwa pa kupoteza vitu. Ndiyo maana sisemi mmalizie pesa zote ndani ya mashine. Nasema hivi:

1. Nunua mashine inayofunguka. Muulize muuzaji: diski ni ya M.2 ya kufungua kwa skrubu, au imechomelewa kwenye bodi? Ya skrubu unaweza kuanza na 256 na kuikuza baadaye. Iliyochomelewa, nunua ya kutosha siku hiyo hiyo, maana hutaongeza tena. Na zile za bei ya chini zenye eMMC ya giga 64, hata kama Windows 11 inakubali kukaa humo, ziache dukani.

2. Pima kazi zako, usipime mashine ya jirani. Chukua kazi zako mbili kubwa kuliko zote, jumlisha, ongeza mfumo na programu, ongeza asilimia 15. Hiyo ndiyo giga yako.

3. Gawa pesa. Ukiweza kununua tera moja ya ndani, fikiria 512 ya ndani na diski ya nje kwa kilichobaki. Nakala tatu, kwenye vyombo viwili, moja ikae nyumba nyingine. Wingu ni mahali pazuri pa hiyo ya tatu kwa vitu vidogo: hati, kodi ya programu, picha teule.

4. Usinunue flashi ya tera mbili kwa bei ya sahani ya biriani. Nyingi zimedanganywa kwenye chipu: zinaonyesha tera mbili, ndani mna giga chache, na kinachozidi kinapotea kimya kimya. Zijaribu kwa H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux kabla ya kuziamini. Rahisi ni ghali.

5. Usingojee sana bei ishuke. Mwishoni mwa 2025 bei za chipu za hifadhi zilianza kupanda kwa sababu vituo vya akili bandia vinazinunua kwa wingi.

Basi majibu yangu kwa wale watatu ni haya. Kijana wa chuo: mashine iliyotumika, ya kufunguka, anza na hizo 256, usiuze figo. Mwalimu: 512, na diski moja ya nje ya masomo yake. Mzee wangu wa ukoo: 512, na diski mbili za nje, moja kwake, moja kwa binti yake Mombasa, na wabadilishane kila Idi.

Binamu yangu hakuniuliza tena. Mwaka jana alinunua mwenyewe mashine nene ya mtumba, akatia tera mbili, akaweka diski mbili za nje kwenye sanduku lenye kikausha unyevu, maana chumvi ya bahari yetu haina huruma na vyuma. Sasa hafuti kadi mpaka afungue video moja moja kutoka kwenye diski ya nje na kuitazama hadi mwisho. Akiba haiozi, lakini kwanza uhakikishe imeingia ghalani.